Neno "Kinga" katika Habari za Tuzo za Sayansi

Miongoni mwa maneno ambayo watafsiri wetu huyatumia kila siku bila ya kuyatilia shaka, kinga ni mojawapo. Ni neno fupi, linaeleweka tangu pwani hadi bara, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa halina taabu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba taabu ipo, na kwamba hujitokeza hasa pale mtafsiri anapopewa habari fupi ya kisayansi, kama vile taarifa ya tuzo waliyopewa watafiti wapya wa elimu ya kinga ya mwili, akatakiwa kuiweka katika Kiswahili kitakachosomwa na watu wa kawaida.

Mwalimu mmoja wa biolojia niliyemfahamu Mikumi alikuwa na desturi njema ya kuwatafsiria wanafunzi wake habari za sayansi na kuzibandika ubaoni. Habari mojawapo ilihusu tuzo ya mwaka 2014 ya Royal Society ya Uingereza, iliyokuwa ikitolewa wakati huo pamoja na kampuni ya Pfizer kwa wanasayansi wa Afrika walio katika miaka ya mwanzo ya utafiti wao. Mwaka huo tuzo ilimwendea Dakta Faith Osier, Mkenya, aliyekuwa akichunguza huko Kilifi jinsi mwili wa binadamu unavyopambana na malaria. Mwalimu akaandika kwa herufi kubwa: "Daktari kijana apewa zawadi kwa kugundua kinga ya malaria."

Siku ya mkutano wa wazazi, bibi mmoja aliyetoka upande wa Kilosa, na mjukuu mgongoni, aliomba asomewe. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwalimu, kinga hiyo imekwisha kufika Kilosa, au iko huku Mikumi tu?" Mwalimu akamjibu: "Hapana, bibi, haijafika popote. Hiyo si dawa." Bibi akasema: "Sasa mwenzetu wamempa zawadi ya nini?"

Swali hilo si la kuchekwa. Kilosa ni nchi ya malaria. Kingo za mto Mkondoa na nyanda za Mkata hazikosi maji wala mbu. Mama wa huko husikia neno kinga akipewa chandarua, hulisikia akipeleka mtoto kliniki, na hulisikia redioni. Akiambiwa kwamba kinga ya malaria imegunduliwa, ana haki ya kuuliza inapatikana wapi. Na akiamini kwamba imekwisha kupatikana, hatuwezi kumlaumu akikilegeza chandarua chake. Katika sentensi ya mwalimu kila neno lina mahali pake katika kamusi, lakini sentensi nzima si ya kweli.

Mizigo ya neno moja

Kitenzi kinga, katika asili yake, kina maana ya kuweka kitu katika njia ya kitu kingine kinachokuja. Mtu hukinga jua kwa mkono, na hukinga pigo kwa ngao. Lakini mtu huyohuyo, mvua inaponyesha, hukinga maji kwa ndoo chini ya mchirizi, na hapo hakusudii kuyafukuza maji bali kuyapokea. Yafaa kuukumbuka upande huu wa pili, maana tutaona kwamba mwili nao haumfukuzi tu adui. Humpokea, humtambua na kumkumbuka. (Liko pia neno kinga lenye maana ya ukuni uwakao, lile la methali ya "kinga na kinga ndipo moto uwakapo". Hilo ni neno jingine, na sitaligusa.)

Katika huduma za afya neno hili limebebeshwa mizigo minne. Kwanza ni kitendo cha kuzuia maradhi kabla hayajaingia, kama tusemapo kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Pili ni chombo cha kuzuilia: chandarua ni kinga, na tangu kampeni za UKIMWI ziliposhika kasi, "kutumia kinga" kumekuwa na maana ya kutumia kondomu, hata wako vijana wasioijua maana nyingine. Tatu ni chanjo yenyewe. Mtoto aliyechanjwa husemwa kuwa "amepata kinga". Nne ni ile nguvu iliyomo ndani ya mwili, ambayo haishikwi kwa mkono wala haigawiwi dirishani.

Huu mzigo wa nne ndio unaoshughulikiwa na wataalamu wanaopewa tuzo tunazozizungumzia, na ndio uliochelewa kuliko yote kufika masikioni mwa wananchi. Ulifika kwa njia ya msiba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na jina la ugonjwa lilipotafutwa lilijengwa juu ya maneno "kinga mwilini". Wengine waliandika ukosefu wa kinga, wengine upungufu wa kinga, na hatimaye upungufu ndio uliokubalika. Chaguo hilo lilikuwa sahihi. Mtu akiambiwa ana ukosefu wa chakula anaelewa kwamba ghala ni tupu. Akiambiwa upungufu anaelewa kwamba kilichobaki chaweza kutunzwa. Dawa za kufubaza virusi zilipopatikana, ghala zikaanza kujaa tena, na jina likaendelea kufaa. Kwa mkasa huo mmoja Kiswahili kilipata dhana ya kinga iliyo ndani ya mwili, yenye kuongezeka na kupungua, na hakuna kijiji leo ambacho dhana hiyo ni ngeni. Mtafsiri aanzie hapo.

Kilichotuzwa ni nini

Hapana budi mtafsiri aielewe kazi yenyewe kabla ya kuitafutia maneno. Tangu zamani imejulikana kwamba watu wazima waliokulia mahali penye malaria nyingi hawaugui kama watoto wao. Vimelea vya malaria vyaweza kuonekana katika damu zao, nao wakaendelea kulima. Nguvu hiyo haiji kwa siku moja. Hujengeka kwa kuugua mara nyingi, ndiyo maana wanaokufa kwa wingi ni watoto wadogo, ambao bado hawajaijenga. Haiwi kamili, na mtu akihama akakaa miaka mingi pasipo malaria hupungua. Mwenyeji wa Mikumi aliyeishi ugenini kwenye baridi kwa muda mrefu akirudi likizo huweza kuanguka kwa homa ambayo ndugu zake wanaiona ya kawaida.

Nguvu hiyo imo katika nini? Mwaka 1961 wataalamu waliofanya kazi nchini Gambia walichukua sehemu ya damu ya watu wazima yenye protini za kujikinga, wakawapa watoto waliokuwa wakiugua malaria, na vimelea katika damu za watoto hao vikapungua sana. Ikathibitika kwamba sehemu kubwa ya siri imo katika protini hizo. Lakini protini hizo ni za aina nyingi mno, kila aina ikishika alama yake katika mwili wa adui, na kimelea cha malaria kina jeni zaidi ya 5,000, kwa hiyo alama zake si chache. Zipi kati yake zikishikwa ndipo mtoto anapona, na zipi ni za kupotezea muda tu? Hilo ndilo swali la Dakta Osier na wenzake. Katika uchunguzi wao wa damu za watoto wa Kilifi, uliochapishwa mwaka 2008, walionyesha kwamba watoto waliokuwa na protini nyingi za kushika alama kadhaa kwa pamoja ndio waliosalimika zaidi na homa, si wale waliotegemea alama moja. Utafiti wa namna hii huwaelekeza watengenezaji wa chanjo. Wenyewe si chanjo.

Protini hizo sasa zahitaji jina. Baadhi ya waundaji wa istilahi walipendekeza fingomwili, kutokana na fingo, yaani kitu kinachofukiwa au kuwekwa ili kulinda nyumba au shamba. Wengine walitaja zindiko. Nakiri kwamba maneno haya yana uzuri wake, kwani yamechimbwa katika utamaduni wetu wenyewe, na aliyeyabuni hakwenda kuomba kwa jirani. Hata hivyo sioni kwamba yanafaa darasani, sembuse zahanatini. Fingo huwekwa na mganga kutoka nje. Protini hizi hutengenezwa na mwili wenyewe. Mzazi akiambiwa kwamba sindano itamtilia mtoto wake fingo, tumemrudisha penye hofu ambayo muuguzi amekuwa akiiondoa kwa miaka. Kingamwili, ambalo matumizi yamelichagua bila ya kutungojea, ni bora, kwa sharti moja: litumike kwa protini hizo tu. Wako waandishi wanaolitumia kwa nguvu yote ya mwili, na wengine kwa elimu yenyewe inayochunguza mambo hayo. Nguvu yote na iitwe kinga ya mwili, maneno mawili mbalimbali yenye kiunganishi. Na elimu iitwe imunolojia au elimu ya kinga ya mwili, kwa kadiri ya msomaji. Alama ya adui inayoamsha kingamwili ni antijeni, na hapo sioni haja ya kuhangaika kutafuta lingine.

Si kwamba kila neno la asili halifai. Mzio lilikuwa chakula ambacho mtu fulani hakipatani naye, akikila hudhurika. Leo ni jina la ule usumbufu wa mwili unaopigana na kitu kisicho na madhara kwa wengine, kama vile vumbi, karanga au dawa fulani. Neno limepanuka bila ya kupasuka. Kadhalika selimundu, ugonjwa ambao seli za damu huchukua umbo la mundu wa kuvunia. Dakta Julie Makani wa Muhimbili, aliyepewa tuzo hiyohiyo ya Royal Society na Pfizer mwaka 2011, alituzwa kwa kazi yake juu ya selimundu, na mtafsiri wa Dar es Salaam hakupata taabu yoyote ya jina.

Selimundu inatuletea onyo jingine. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata nafuu dhidi ya malaria kali. Nafuu hiyo nayo huitwa kinga katika maandishi mengi. Lakini ni ya kuzaliwa nayo. Haikujengwa kwa kuugua, wala haimo katika kingamwili. Napendekeza iitwe nafuu ya kurithi, neno kinga ya mwili libaki kwa ile inayojengwa. Na kwa vyovyote vile tusilitumie neno usugu kwa lolote kati ya haya mawili. Usugu ni wa vimelea vinavyoizoea dawa, au wa mtu asiyesikia la mkuu.

Mwalimu anayetafuta mfano wa kueleza kinga inayojengwa na kukumbuka asihangaike na mifano ya askari na vita, ambayo imechosha, na ambayo humfanya mwanafunzi aidhani damu kuwa kambi ya jeshi. Amuulize mfugaji. Waparakuyo wa wilaya ya Kilosa wanaijua vizuri ndigana kali, ile ambayo Wamaasai huiita oltikana, na wanajua kwamba ndama aliyeugua akapona si rahisi kuugua tena ugonjwa uleule. Chanjo ya ndigana imejengwa juu ya ujuzi huohuo: ng'ombe hupewa vimelea hai pamoja na dawa ya kuvizuia visimuue, mwili wake ukapata nafasi ya kumtambua adui akiwa amefungwa kamba. Mfugaji anayelipia chanjo hiyo na kumtoboa ng'ombe sikio kwa ajili ya hereni ya utambulisho ameelewa kumbukumbu ya kinga kuliko wengi waliosoma.

Hapo neno chanjo nalo ladai heshima yake. Latokana na kuchanja, kukata ngozi kidogo, kama waganga walivyofanya walipotia dawa, na kama ilivyofanywa baadaye dhidi ya ndui, ugonjwa uliotangazwa mwaka 1980 kuwa umetoweka duniani. Leo mtoto hudondoshewa matone ya polio ulimini, hakuna ngozi iliyokatwa, nasi husema amechanjwa. Maana imehama kutoka kwenye kitendo cha kukata hadi kwenye matokeo yake, na hakuna aliyelalamika.

Asilimia

Kutoka Mikumi barabara moja hugeuka kusini kwenda Kidatu na Ifakara. Ifakara kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Waswisi mwaka 1957, ambacho sasa ni taasisi ya Kitanzania. Na katika kijiji cha Idete, bonde hilohilo la Kilombero, ndiko ilikojaribiwa chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994: ufanisi wa asilimia 31 kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitano. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuonyesha faida, na chanjo hiyo ikaachwa.

Nimeitaja kwa sababu ya namba ile. Mtafsiri asiyekuwa mwangalifu huandika kwamba "asilimia 31 ya watoto walikingwa", na msomaji akaelewa kwamba katika kila watoto 100, 31 wamefungiwa mlango wa malaria kabisa na 69 wameachwa wazi. Sivyo. Maana yake ni kwamba kama katika kundi la watoto wasiochanjwa wangeugua 100, basi katika kundi la idadi ileile waliochanjwa wangeugua 69. Hakuna awezaye kumwonyesha mtoto fulani kwa kidole na kusema huyu amekingwa. Kwa hiyo yafaa kuandika "chanjo ilipunguza wagonjwa kwa asilimia 31", na neno kupunguza lisiachwe hata nafasi ikiwa finyu. Jambo hili halijapitwa na wakati. Chanjo ya RTS,S, iliyojaribiwa pia Bagamoyo na Korogwe, na ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021, pamoja na R21 iliyopendekezwa mwaka 2023, zote ni chanjo za kupunguza, si za kufunga mlango.

Tuzo, ruzuku na ujana

Limebaki lile swali la bibi: zawadi ya nini? Zawadi hutolewa kwa mapenzi, hata kwa asiyefanya lolote. Tuzo hutolewa kwa kazi iliyoonekana, kama vile mcheza ngoma anavyotuzwa uwanjani mbele ya watu. Nishani huvaliwa. Lakini tuzo nyingi za watafiti hazifanani sana na ile ya ngomani, maana fedha zake hazitolewi ili mshindi akapumzike. Katika tuzo ya Royal Society na Pfizer sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ya kuendeshea utafiti, na sehemu ndogo ya mshindi mwenyewe. Fedha za kuendeshea kazi ni ruzuku. Nimewahi kusoma taarifa iliyotaja jumla yote kuwa zawadi, na si vigumu kufikiri majirani wa mtafiti huyo walivyomtazama alipokataa kuchangia harusi.

Na ujana? Ziko tuzo zinazohesabu miaka ya kuzaliwa; zile za Michelson za Marekani, za watafiti wa kinga ya mwili, zimekuwa na kikomo cha miaka 35, ambacho kwa bahati ndicho kikomo cha kijana katika sera yetu ya vijana. Nyingine huhesabu miaka tangu mtu apate shahada ya udaktari wa falsafa, na hapo mwenye miaka arobaini na watoto watatu huweza kuhesabiwa miongoni mwa wapya. Dakta Osier alikuwa amekwisha kuwatibu watoto wodini kwa miaka kabla ya kuingia katika utafiti. Kumwita "daktari kijana" ni kumpunguzia. Mtafiti mchanga ni kashfa. Mtafiti chipukizi ni zuri, ingawa wenye umri watalikumbuka neno hilo likiwa la watoto wa gwaride. Mimi huandika "mtafiti aliye katika miaka ya mwanzo ya kazi". Ni refu, lakini halimdanganyi wala kumdhalilisha mtu.

Nilimpelekea mwalimu wa Mikumi tafsiri ifuatayo ya habari yake, aibandike mahali pa ile ya kwanza:

"Dakta Faith Osier wa Kenya ametunukiwa tuzo ya Royal Society na Pfizer ya mwaka 2014, inayotolewa kwa wanasayansi wa Afrika walio katika miaka ya mwanzo ya utafiti. Watu waliokulia mahali penye malaria nyingi, baada ya kuugua mara kwa mara, hujenga katika miili yao nguvu ya kuizuia malaria isiwe kali. Nguvu hiyo ni kinga ya mwili. Dakta Osier anachunguza ni kingamwili zipi katika damu zinazoleta nguvu hiyo, ili chanjo zitakazotengenezwa ziige kazi yake. Fedha za tuzo zitasaidia kuendeleza utafiti. Kwa sasa hakuna dawa mpya iliyotokana na kazi hii. Watoto waendelee kulala ndani ya chandarua."

Sentensi mbili za mwisho hazikuwamo katika habari ya asili. Mwalimu aliniuliza kama mtafsiri anayo ruhusa ya kuongeza. Nilimwambia aziandike chini ya mstari, kwa wino mwingine, na amsomee bibi akija tena.